Fungu la Ishirini

Baba yangu alikuwa na nyavu za nguruwe. Usifikiri nyavu za samaki. Hizi zilisukwa kwa kamba ya katani nene kama kidole gumba, na zikikunjwa wanaume wawili wanazibeba kwa mti begani. Kwetu upande wa Namtumbo nguruwe pori waliingia shamba la mahindi usiku, asubuhi unakuta kama wamelala ng'ombe humo, mabua yote chini. Basi wanaume wanapanga siku, wanafunga nyavu mti hadi mti, sisi watoto na mbwa tunaingia porini na makopo tunapiga kelele, na nguruwe wanakimbilia kule wanakosubiriwa na mikuki. Nguruwe akinasa analia kama mtu anayechomwa. Siku moja jike lenye watoto liligeuka, likaupita mkuki wa mwanamume mmoja, likamfungua paja toka gotini mpaka juu. Tuliona mafuta meupe ya paja lake kabla damu haijaja. Alijifunga kwa shati lake mwenyewe akakaa chini, hakukubali kupelekwa nyumbani, maana aliyeondoka kabla ya kugawana alikuwa hana fungu.

Kugawana kwenyewe kulikuwa hivi. Nyama inapangwa mafungu juu ya majani ya mgomba. Mtu mmoja anageuka, anaipa nyama mgongo, anatazama msitu. Mwingine anagusa fungu kwa ncha ya kisu, anauliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka anataja mtu. Hivyo hakuna wa kusema kaonewa, kwa sababu anayetaja haoni na anayeona hataji. Lakini siku ile mmoja alidai kwamba wale wawili wameelewana kwa kikohozi. Kwamba likiguswa fungu lenye mifupa, anayegusa anakohoa. Alinyanyua panga. Baba mdogo akatia mkono kuzuia, panga likaondoka na vidole vyake viwili, vikaanguka juu ya nyama. Walivitoa vile vidole, wakavizika, na nyama ikapikwa. Usinitazame vibaya. Nani angetupa nyama?

Najua nimeanzia mbali. Mke wangu aliniambia nikianza kusimulia habari ya jana nitaanza na ubatizo wangu. Mimi niliishia darasa la nne, na hicho ninachoandika hapa nakiandika kama ninavyosema, asiyetaka aache. Nilichotaka kusema ni kwamba kisu nilijifunzia kwenye nguruwe wale wa baba. Nilipokuja Songea mjini, kijana sina kazi, nilikwenda machinjioni, nikapewa mbuzi wa majaribio, nikamchuna bila kutoboa ngozi mahali popote. Basi nikawa mchunaji. Nimechuna miaka mingi mpaka vidole vikakataa kunyooka.

Sasa mshahara wa mchunaji ulikuwa haba, lakini tulikuwa na haki yetu. Kila ng'ombe, mchunaji anachukua kipande cha utumbo, na zamu kwa zamu kwato na kichwa. Hiyo haikuandikwa popote, ilikuwa desturi ya pale, na tajiri wa ng'ombe akitaka kuivunja angekuta ngozi yake imejaa matundu kama chandarua. Kwa hiyo mimi niliishi kwa utumbo. Nilinuka utumbo hata kanisani. Mama mmoja wa kwaya alikuwa akiniona nakaa benchi lake anahama. Lakini sikia jambo moja: hela ilipoanza kupoteza nguvu, utumbo haukupoteza. Sufuria ya utumbo ya mwaka ule ilishibisha sawa na sufuria ya utumbo ya mwaka uliopita. Wakati huo sikujua kwamba nina bahati. Nilijua tu kwamba nanuka.

Tulipanga Lizaboni, mtaa wa pale pale Songea. Nyumba ya mama mmoja mjane, vyumba vinatazamana, ua katikati, choo kimoja, jiko la nje la kuezekwa kwa nyasi ambalo kila mwanamke alikuwa na mafiga yake. Mama mwenye nyumba alipika komoni, pombe yetu ya kienyeji, na kuuza barazani, mwanamke mnene, mkono wake kama mchi. Chumba cha pili kutoka kwangu alikaa kuli mmoja na mkewe na watoto wao.

Huyu kuli ndiye habari yenyewe. Alikuwa anapakia magunia ya mahindi kwenye ghala. Shingo yake ilikuwa na nundu nyuma, sugu ya magunia. Kiunoni alitembea na kulabu yake, ile chuma iliyopinda ya kunasia gunia, ameinoa mpaka inang'aa, hata kwenye misa ya mazishi alikuja nayo. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Siku ya mshahara alikuwa anaingia uani na watoto wake, wawili mabegani, mmoja shingoni, anapiga kelele, "Magunia haya ya nani? Hayana mwenyewe? Nayauza!" Watoto wanacheka mpaka wanajikojolea. Mimi aliniita Mzee wa Matumbo. Na mimi namjibu, "Gunia linatembea lenyewe leo." Tulikuwa tunaelewana.

Aliamini mshahara. Mtu wa shilingi. Alikuwa akiniambia, "Mimi nalipwa na kichwa cha mtu kilichopo kwenye noti. Wewe unalipwa na kichwa cha ng'ombe." Kila asubuhi kabla ya kwenda ghalani aliweka hela ya mboga dirishani, chini ya kibatari, shilingi ishirini, ile ya chuma, anaigonga ubaoni ili mkewe aisikie.

Na nikumbushe kidogo miaka hiyo, kwa wasiokuwapo. Kabla yake tulikuwa na hela na maduka matupu. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Kanga moja mke wangu aliipanga foleni toka alfajiri, mbele yake wanawake wakaumana, kweli kuumana kwa meno, mmoja akatoka na kanga na alama ya meno kwenye titi. Halafu ikaja miaka ya ruksa, vitu vya nje vikaruhusiwa. Maduka yakajaa. Sabuni za rangi rangi zinanukia, redio, viatu vya wazungu waliokufa, sukari ipo mezani mtu anaitazama. Tulifurahi. Tulipita barabarani tunatazama vitu kama watu walioalikwa harusi. Halafu taratibu tukagundua tumealikwa kutazama. Kila ukirudi dukani kitu kipo, ila kimeondoka kidogo, kimepanda rafu ya juu. Redioni wakatangaza mishahara imeongezwa. Kuli akanunua komoni kwa ua mzima, akacheza mpaka nundu ikatoka jasho. Nyongeza ilipofika mkononi, sukari ilikuwa imeshamtangulia.

Lakini soko la dagaa lilikuwa na tabia yake, na hapo ndipo kuli yule alipopotea. Dagaa wa Nyasa, wenyewe wa ziwani wanawaita usipa, walikuwa wanaletwa na akina mama toka Mbamba Bay, wanauzwa kwa mafungu juu ya meza. Na fungu lilikuwa ishirini. Mwaka huu ishirini, mwaka kesho ishirini. Mama wa dagaa asingeweza kusema thelathini, angetukanwa, wateja wangehamia meza ya jirani. Kwa hiyo hakupandisha bei. Kwanza aliondoa nyongeza, ile konzi ya juu anayokutupia huku anakuuliza hali ya nyumbani. Hali ya nyumbani aliendelea kuuliza, konzi haikuja. Kisha akaanza kupunguza fungu lenyewe. Na ili fungu lisionekane limelala, aliweka kisosi chini, amekifudikiza, dagaa akawapanga juu yake. Ukipita unaona kilima kile kile cha siku zote. Wanawake wote walijua. Mke wangu alijua, mama mwenye nyumba alijua, mke wa kuli alijua. Wanaume hatukujua, kwa sababu Songea ya wakati ule mwanamume akionekana anachagua dagaa sokoni, watu wangeuliza mkewe amekufa lini.

Kuli alikuwa anapita kando ya soko kila siku na mkokoteni. Anatupa jicho. Ishirini. Kilima kile kile. Anaendelea.

Basi mkewe alipomwambia, "Baba, ongeza hela ya mboga," unafikiri alimwelewaje? Nilisikia maneno yale ukutani, ukuta wenyewe wa matofali mabichi, ukikohoa jirani anakupa pole.

"Fungu bei gani?"

"Ishirini."

"Nimekupa ngapi?"

"Ishirini, baba. Lakini fungu limekuwa dogo."

"Dogo! Mimi sina macho? Napita pale kila siku. Fungu liko pale pale. Hiyo ishirini nyingine unayotaka ni ya nani?"

"Ya nani tena?"

Hapo nikasikia kofi. Kofi la kuli si kofi, ni gunia limeangushwa. Watoto wakaanza kulia kwa pamoja. Mama mwenye nyumba akatoka na mchi, akaugonga mlango wao, "We! We kuli! Unaniulia mpangaji! Ukimuua kodi atalipa nani?" Mimi nikagonga pia. Akafungua, akanitazama, akasema, "Mzee wa Matumbo, nyumba yangu na yako ni ngapi?" Nikamwambia mbili, ila ukuta mmoja. Akafunga mlango, ukanipiga pua ikatoka damu.

Ikawa ni desturi. Yule mama aliomba nyongeza, akapigwa. Akanyamaza wiki, akaomba, akapigwa. Mara jicho limefunga, mara mdomo umepasuka, anakuja mafigani anapuliza moto kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa anakonda. Mabega yakatoka kama ya mbuzi wa kiangazi. Na kukonda kwenyewe kukawa kesi nyingine. Nilimsikia kuli anamuuliza, "Unakonda kwa mawazo ya nani? Mimi chakula changu nakula nashiba. Sahani yangu imejaa. Wewe unapika humo humo, unakonda vipi? Kuna mtu anakukondesha."

Na ni kweli, sahani yake ilijaa. Alikula barazani, peke yake au na mimi, kwa sahani yake ya bati ya bluu, na nilikuwa naiona: ugali mkubwa, dagaa wamelala juu ya mchuzi mzito wa nyanya. Mwanamke na watoto walikula jikoni. Hakuna mwanamume aliyeingia jiko lile, moshi tu ungekufukuza.

Mke wangu ndiye aliyeona. Akaniambia, "Yule mwenzangu jana nimemkuta anakwangua sufuria kwa kidole. Na haikuwa na kitu." Nikamwambia ampe bakuli la utumbo, tunao. Akampa. Yule mama alilishika lile bakuli kwa mikono miwili, akalifunika kwa kanga, akaingia nalo jikoni kama mtu aliyeiba.

Siku hiyo ghalani kazi iliisha mapema, lori halikuja. Kuli akarudi jua lingali juu, akasikia harufu. Utumbo haufichiki, mimi ndiye wa kukuambia. Kwa mara ya kwanza akainama akaingia jikoni. Akawakuta watoto wanakula utumbo.

Sikuona yaliyotokea mle ndani. Niliona sufuria inatoka, ikavingirika mpaka katikati ya ua, utumbo unamwagika, mbwa wa jirani hao hao. Halafu yule mama akatoka kinyumenyume, na kuli nyuma yake na mwiko mkubwa wa kusongea, anapiga. Alipiga kichwa, mama akainua mkono kujikinga, mwiko ukatua kwenye mkono. Nimevunja mifupa mingi ya ng'ombe maishani, sauti ile naijua. Mkono ulining'inia.

"Nilikupa hela ya dagaa! Utumbo umetoka wapi? Sema! Umetoka wapi?"

Yule mama akageuza kichwa. Alitazama mlango wetu tu. Nafikiri hakukusudia. Lakini kuli akatazama alikotazama, akaniona nimesimama pale na kisu changu, maana nilikuwa nanoa, ndiyo kazi yangu ya kila jioni. Akacheka. Kicheko kile sikipendi mpaka leo.

"Kumbe ni Matumbo," akasema. "Kumbe anayekula ishirini yangu ni Matumbo."

"Jirani, mke wangu ndiye..."

Kulabu ilikuwa tayari mkononi. Alinijia kama lile jike la nguruwe, kichwa chini. Kulabu ikaingia hapa, chini ya mfupa wa bega, akavuta. Ukivutwa kwa kulabu huwezi kurudi nyuma, unakwenda inakokwenda, ndiyo maana wanaitumia. Nikaenda. Na nilipofika kwake nikamkata, mkono wa juu, mkato mmoja mrefu wa kuchuna, nyama ikafunguka. Wala hakuachia. Tukawa tumeshikamana hivyo, yeye ananivuta, mimi namkata, tunazunguka uani kama watu wanaocheza, damu inaruka kwenye nguo zilizoanikwa. Mke wangu anapiga mayowe. Mimi kichwani nilikuwa na wazo moja la kijinga kabisa, kwamba shati hili jipya.

Mama mwenye nyumba alitutenganisha. Alikuwa na pipa la machicha ya komoni, ya moto, yametoka jikoni. Alichota ndoo akatumwagia wote miguuni bila kubagua. Tuliachana wenyewe. Ngozi ya mguu wangu wa kushoto ilitoka kama soksi.

Akasimama katikati na ndoo. "Wapumbavu. Mmoja ananuka utumbo, mwingine ana akili ya utumbo. Wewe kuli, utumbo katoa mke wake huyu, kampa mkeo mbele ya macho yangu. Umesikia? Mbele ya macho yangu."

Kuli alihema tu. Damu ilimchuruzika vidoleni. "Basi kwa nini apewe? Mimi simpi hela?"

Ndipo yule mama, mkewe, akasema. Alikuwa amekaa chini ameushika mkono uliovunjika kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakupandisha sauti. "Kesho nenda wewe. Chukua ishirini yako uende sokoni wewe."

Kumwambia mwanamume akanunue dagaa! Nilidhani atamaliza kazi. Mama mwenye nyumba akadaka lile neno kabla halijaanguka. "Ataenda. Na Matumbo atakwenda naye, awe shahidi. Mkikataa, wote wawili mnahama kesho, na vitanda vyenu napikia komoni."

Usiku ule mkono wa yule mama uliungwa kwa vijiti na vipande vya kanga, na mimi bega langu likamwagiwa pombe kali. Asubuhi tukaondoka, kuli mkono umefungwa, mimi nachechemea, hatusemeshani. Watu njiani wanatuamkia, "Shikamooni, vipi, ajali?" Tunajibu, "Marahaba, ajali."

Sokoni alikwenda moja kwa moja meza ya kwanza. Mama wa dagaa alikuwa mwanamke wa ziwani, mweusi wa jua, mcheshi. Kuli akasimama mbele ya vile vilima, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile akaniongelesha, sauti ya ushindi.

"Unaona? Unaona Matumbo? Si hili hapa? Mama, fungu bei gani?"

"Ishirini, shemeji. Karibu. Mke hajambo? Amejifungua nini mpaka umekuja wewe?"

Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Kuli hakusikia. "Ishirini!" akaniambia. "Umesikia mwenyewe? Ishirini! Fungu lile lile!" Akaweka ile chuma mezani, akaigonga. "Nipe."

Mama akachukua kipande cha gazeti, akakifanya koni, akainua kisosi, akamimina. Dagaa waliteremka wote mara moja, wakaingia chini ya ile koni, wakaishia huko. Kisosi akakirudisha mezani, amekifudikiza.

Kuli alitazama koni. Akatazama kisosi. Akaweka kidole juu ya kisosi, taratibu, kama mtu anayegusa jipu.

"Hiki ni nini?"

"Kisosi, shemeji."

"Kinafanya nini chini ya dagaa?"

"Kinawainua. Na wao wamechoka kama sisi."

Wakacheka tena, meza nzima nzima. "Zamani fungu halikuwa na kisosi," kuli akasema.

"Zamani na wewe ulikuwa na nywele."

Sikuona mkono wake unakwenda. Niliona meza iko juu. Dagaa walikwenda hewani wakameremeta, na visosi, lo, visosi vilikuwa vingi, kila kilima na chake, vikaanguka kwenye saruji vikapasuka. Akavikanyaga vilivyobaki kwa visigino. "Mwongo! Mwizi! Mnawapiga wanawake wa watu!" Neno hilo alilisema kweli, mnawapiga wanawake wa watu, na mimi niliyesimama pale sikujua nicheke au nilie. Alimshika yule mama kwa kanga ya shingoni, akamtikisa mpaka kilemba kikatoka.

Basi ndugu yangu, usione wanawake wa soko wameketi tu. Walikuja na vigoda. Walikuja na mawe ya mizani. Mmoja alikuja na kambale mkavu mkubwa amemshika mkia, akampiga nao usoni mpaka kambale akavunjika. Walimwangusha, wakamkalia. Mama wa dagaa alipumua kidogo, akafunga kanga yake vizuri, kisha akaja akampiga kwa kandambili, kila pigo na neno lake. "Lori... limepanda! Chumvi... imepanda! Ushuru... umepanda! Mimi... nipande... wapi?" Meno mawili ya kuli yalitoka pale. Niliwaomba. Niliwaambia jamani huyu amefiwa, uongo mtupu, ndipo wakamwachia. Nilimwinua chini ya kwapa. Usoni hakuwa mtu, alikuwa nyama ya bei ya chini. Lakini koni ya gazeti alikuwa nayo mkononi, hakuiachia.

Tulirudi nyumbani. Alimpa mkewe ile koni. "Pika," akasema, maneno yanapita kwenye damu. "Pika kama unavyopika siku zote. Usibadilishe kitu." Mke wangu akaenda kumsaidia, yule mama ana mkono mmoja. Sisi tukakaa barazani. Mama mwenye nyumba alimletea maji ya chumvi asukutue, akasukutua, akatema mekundu.

Sahani ya bluu ikaja. Ilijaa. Ugali mkubwa, dagaa wamelala juu, mchuzi mzito, kama jana, kama mwezi uliopita. Aliitazama muda mrefu. Kisha akainuka na sahani mkononi, akavuka ua, akainama, akaingia jikoni. Mimi nikamfuata mpaka mlangoni, niliogopa ataua.

Watoto walikuwa wamezunguka sinia. Ugali, na bakuli la maji ya nyanya na chumvi, ndani yake vichwa vya dagaa vinaelea. Mama yao alikaa kando, mapajani ana ukoko wa ugali, basi.

"Ndivyo kila siku?" akauliza.

Binti yao mkubwa ndiye aliyejibu, kwa furaha, mtoto hajui. "Siyo kila siku, baba. Leo vipo vichwa."

Alirudi nyuma akajigonga kichwa kwenye nguzo ya jiko. Nikafikiri amejikwaa. Akajigonga tena. Na tena, kwa nguvu ile ya kubebea magunia, majani ya paa yanadondoka, damu inashuka kwenye nyusi. Watoto wakajificha nyuma ya mama yao. Mama mwenye nyumba akasema toka barazani, "Gonga tu, baba. Nguzo ya mninga hiyo, haivunjiki." Nilimkamata kiuno nikamvuta kwa bega langu lile bovu.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza mkewe.

"Nilikuambia."

"Kwa nini hukuniambia kwamba mnakula hivi?"

"Nilikuambia kila siku. Ulikuwa unanijibu kwa mkono."

Kuli akafuta damu machoni. Yule mama akamtazama, mara ya kwanza sawasawa, macho kwa macho, jicho lake moja bado limevimba. Akasema, na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayepanga kazi ya kesho, "Sasa umeona. Kesho weka hela ya mafungu mawili."

Nilimwona anafikiri. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alifika mwisho wa mshahara wake, akarudi mwanzo, akafika tena mwisho.

"Sina," akasema.

"Basi tugawane hiyo."

Alitazama sahani ya bluu mkononi mwake. Akaiweka chini kwenye sinia, katikati ya watoto. Hawakuigusa, walimtazama mama yao kwanza. Akatoka nje. Akanawa mikono kwenye ndoo, ingawa hakuwa amekula. Akanawa uso. Akavaa kandambili zake, akavuka ua, akapita kando ya mama mwenye nyumba bila kumtazama.

"Jirani," nikamwita. "Unakwenda wapi na damu hiyo?"

"Naja," akasema.

Alishika njia ya kwenda mashine ya kusaga, anatembea polepole, shingo ile na nundu yake imeinama kama ana mzigo. Watoto wa mtaani walimfuata kidogo wakachoka. Akapita mashine, akapita mahali barabara inapoteremka, kichwa kikazama. Mkewe alimwekea ugali mpaka jioni, kisha akawapa watoto. Hakurudi siku ile, na hakurudi tena.